Uzi wa Pete

Asubuhi hiyo pete ya Mwanakheri ilidondokea kwenye uji, mara ya tatu tangu Ijumaa. Mumewe, Shamte, aliiopoa kwa kijiko, akaifuta, akaketi ukingoni mwa kitanda na uzi wa cherehani.

Tangu maradhi yaanze kumkondesha mkewe, alikuwa akiizungushia pete hiyo uzi ili isichomoke kidoleni. Sonara alisema kuikata ipungue ni kazi ya nusu saa, lakini wote wawili walikataa. Uzi unafumuliwa mtu akirudiwa na mwili wake. Dhahabu ikikatwa, imekatwa.

"Angalau kuna kitu kinanenepa humu ndani," Shamte alisema, akitafuta ncha ya uzi.

"Si inakula uji wangu? Hukuiona ilivyoufuata bakulini?"

Walicheka hadi kikohozi kikamzidi Mwanakheri. Alipotulia, alilaza kichwa, akafumba macho.

"Baba Saida, fumua huo uzi. Mpelekee sonara, aikate."

"Haya, lete kidole nikipime."

"Akapime cha Saida."

Uani, binti yao alikuwa akiosha vyombo. Shamte hakuinua uso. Aliendelea kuzungusha uzi, akiukaza kwa meno.

"Umenisikia, mume wangu?"

"Nimesikia. Ngoja nimalize."

Tundu la pete likabaki la kupita kidole cha mtoto mchanga, kisha njiti ya kiberiti, kisha sindano, na uzi mkononi mwake ulikuwa bado mrefu.