Nyasi Zilizozidi

Tangu mashimo ya mgodi yafukiwe na watu wagawiwe viwanja juu yake, sheria ilikuwa moja: nyasi za kiwanja chako zifikie wingi wa zile za kule kilimani, ambako hakujawahi kuchimbwa. Zisipofikia, unahama. Ndiyo maana Nyanzobe alizilea nyasi zake kama mtoto mchanga. Hata maji ya kuoshea mchele alizimwagia.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi, Bwana Lutandula, alirusha fremu yake ya chuma huku na huku, akakata nyasi zilizoingia ndani yake, akazikausha, akazipima, akalinganisha na za kilimani. Kisha akarudia hesabu upya.

"Zimepungua?" Nyanzobe aliuliza.

"Zimezidi, mama. Tena katika kila sampuli. Hii haiwezi kuwa bahati tu."

Nyanzobe alicheka kwa furaha. "Basi tunabaki!"

Lutandula hakucheka. "Kuna kitu zinakula huko chini. Mboga zenu mnalima wapi?"

"Hapa hapa uani."

"Na mtoto unaye?"

Kicheko kilimkauka. Holo, bintiye wa miaka mitatu, alikuwa akicheza nyuma ya nyumba. Gauni alilomshonea Pasaka sasa lilikuwa kama blauzi, na majirani hawakuchoka kuusifu uji uliomkuza hivyo.

"Yuko kwa bibi yake," alisema, kisha akazunguka nyuma ya nyumba upesi.

"Holo, mama, kaa chini," alinong'ona. "Usisimame mpaka mgeni aondoke."

Holo aliketi. Hata alipoketi, kichwa chake kilimfikia mama yake kiunoni.