Kurithi na Kurithiwa

"Mama Elieza, unakubali kurithiwa?" mwanangu alimuuliza mjane wa kaka yake mbele ya wazee wa ukoo, sebuleni kwangu hapa Bonga.

Hakuuliza kwa ubaya. Asubuhi ile alikuwa amemkatia ng'ombe wa shemeji yake majani bila kuombwa. Lakini mjane akikubali angekuwa mke wake, na shamba la marehemu kule Mutuka lingekuwa lake. Akikataa, ukoo ungemrudisha kwao mikono mitupu.

Mama Elieza alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

Juzi alinisomea kitabu cha wanawake wa India, enzi za Mwingereza. Mjane mmoja aliwauliza wanaume wa kwao kwa nini anahesabiwa pamoja na masufuria ya marehemu. Tulicheka, halafu akausoma tena ukurasa ule.

"Shemeji," Mama Elieza alimwambia mwanangu, "kinachorithiwa ni sufuria. Mimi nakubali kurithi."

Mzee mmoja akaguna. "Hayo ni maneno ya vitabuni. Nani amemfundisha?"

Chai ilikuwa inamwagikia vidole vyake. Nikampokea kikombe, nikamfuta kwa kanga yangu.

"Tulisoma wote," nikasema.