Kishikio Kisichoteleza

Melchior alifumba macho, akavuta. Chuma kilirudi nyuma kwa mlio mkavu, akakiachia, kikajipiga mbele. Akatikisa kichwa.

"Hiki nacho hapana. Lete kingine."

Seif, fundi wa duka lile la silaha pale Fordsburg, mtu wa Tanga mwenye subira, alikichomoa kishikio kwenye bunduki na kukirudisha mezani pamoja na vingine. Vyote vilikuwa vya kazi moja: kuvutwa nyuma ili risasi iingie chemba. Lakini kila kiwanda kilikuwa kimetengeneza chake kwa namna yake, na Melchior alivigeuzageuza kama mtu anayenunua miwani.

"Hiki cha kwanza ulimi wake wa kushikia ni mfupi," Seif alieleza. "Ni kama kile kinachokuja na bunduki, ila chuma chake kigumu zaidi. Hiki cha pili ulimi mrefu, vidole viwili vinatosha."

"Mrefu mno. Utanasa kwenye mkanda wa fulana ya kuzuia risasi."

"Basi jaribu hiki. Kina ulimi pande zote mbili."

Melchior alimwashiria akifunge. Alisogeza kiti hadi ukutani, akaketi, bega la kushoto limebanwa na ukuta kama abiria aliyekaa garini kando ya mlango. Akaomba bunduki. Mkono wa kushoto haukupata nafasi hata ya kukunja kiwiko. Akavuta kwa wa kulia. Kikaja. Akavuta tena. Kikaja.

Kisha akatoa glavu nyeusi mfukoni, akajaribu kuivaa. Ikakwama kwenye vifundo vya vidole.

Seif akacheka. "Imerudi hiyo, mzee wangu. Uliifua kwa maji ya moto?"

Melchior aliivuta mpaka pale ilipokubali, akaushika ule ulimi kwa ncha za vidole, akavuta hivyo hivyo. Jasho lilikuwa likimtoka, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, Johannesburg nzima imejikunyata kwa baridi.

"Ilikuwaje?" Seif aliuliza, sauti imeshuka.

"Gari la kubeba fedha lilisimama kwenye taa za barabarani, hizi roboti zao, kule Turffontein. Taa nyekundu. Wakatokea mbele na nyuma. Risasi ya kwanza ikakwama ndani. Kuvuta, kishikio kikateleza. Kuvuta tena, kikateleza. Dereva akapigwa begani. Kama polisi hawangekuwa wanapita..."

"Kampuni itakubali kibadilishwe?"

"Fundi wa silaha wa kampuni nimempigia mwenyewe. Amesema kiletwe, akikiona kizuri atakifunga."

Seif alimwangalia mvi zake, akapangusa mikono kwa kitambaa. "Usinielewe vibaya, mzee. Kazi ya namna hii ungewaachia vijana."

"Vijana ndio wanaokufa," Melchior alisema. "Nipe hiki cha pande mbili."

Kesho yake, Jumapili, hakukaa mahali pamoja. Kwao Burundi alikuwa askari. Alipovuka mpaka na bintiye Olive mgongoni, mama wa mtoto keshazikwa, aliapa hatagusa tena bunduki, na miaka yote ya Afrika Kusini hakuigusa, hadi jana pale dukani. Sasa alikuwa akizunguka nyumba yao ndogo ya Rosettenville na kipande cha bunduki mfukoni. Anakitoa, anakipapasa, anakirudisha. Anafungua dirisha, anafunga. Kanisani waumini walisimama kuimba, yeye akabaki ameketi hadi jirani yake alipomgusa.

Yeye na Olive hawakuwa wakielewana tangu siku ile ya roboti. Walikuwa wametupiana maneno, ya "acha kazi hii" na "siachi," mlango ukabamizwa. Mwaka ule wa 2012 Olive alikuwa mtu mzima tayari, na katika nyumba ile hapakuwa na wa kuwasuluhisha.

Jioni Melchior alipiga pasi sare ya kazi. Akazipaka buti dawa, akaziweka chini, akazichukua tena, akazipaka upya.

Jumatatu kulipokucha alichemsha chai. Olive alikuwa bado chumbani kwake, mlango umerudishwa.

"Baba, ulilala kweli?" aliuliza kutoka humo. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani tu. Huko nje alikua akizungumza Kizulu.

"Nililala."

"Eish, Baba! Nimekusikia unatembea."

Melchior alimimina chai, ikafurika kikombe. Akaifuta meza kwa kiganja. "Bado una hasira na mimi?"

Droo ilifungwa huko chumbani.

"Sikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa."

"Na mimi naogopa," alisema. Hakuwahi kumwambia hivyo tangu azaliwe.

Nje honi ikalia. Gari la kampuni lilikuwa limefika getini, injini inanguruma. Melchior akaruka kitini kana kwamba amechomwa sindano. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kishikio, na mlango wa chumbani ulipofunguliwa akakinyoosha mbele yake.

"Mpe fundi wenu akifunge kabla hamjatoka. Kivute mpaka mwisho, halafu kiachie kirudi chenyewe, usikisindikize. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Baba," Olive alisema, akakaza mikanda ya fulana yake ya kuzuia risasi, akambusu shavuni na kutoka mbio kabla honi haijalia tena.