Duara Limetema

Robi alikuwa kibandani mwake akimkanda mchimbaji mguu uliovunjikia shimoni, pale kelele zilipolipuka nje: "Duara jipya limetema! Shimo limetoa dhahabu!"

Mchimbaji akainuka kwenye mkeka. "Niachie, dada. Mguu umeshapona."

"Umepona?" Robi akabonyeza kwa kidole gumba chini ya goti. Msuli ukaruka, jasho likamtoka mwanamume.

Mwaka juzi, akichimba, kifusi kilimfunika Robi mwenyewe hadi kiunoni. Bibi mmoja wa kijiji cha Itiryo alimkanda miezi minane mpaka akatembea, kisha akamfundisha kazi hiyo. Lakini sasa watu walipita mbio na sururu, na miguu ikamwasha kutaka kukimbia nao.

"Basi twende wote!" mchimbaji akasihi.

Robi akautazama mlango. Kisha akaukalia mguu mzima wa mchimbaji ili asiinuke, akachota samli nyingine ya kumkandia.