Kuhamia Kamulu

Walimteremsha Wachira kutoka ghorofa ya tatu akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, wabebaji wawili wamekikamata huku na huku. Majirani wa pale mtaani Mowlem walitoka koridoni kutazama. Aliwapungia mkono kama bwana harusi, ili wasione anavyoona haya.

Mtu aliyekuwa akipasua paja la ng'ombe kwa pigo moja pale Soko la Burma, leo anabebwa kama gunia la viazi! Goti lilianza kumsaliti mwaka jana. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na siku alipokaribia kujikata kidole mbele ya wateja, aliweka kisu chini, akauza bucha.

"Polepole hapo kwa ngazi," mkewe, Waruguru, aliwaambia wabebaji. "Na kitanda chake kiingie kwa lori kwanza, pamoja na kabati lake. Changu kiwe huku mlangoni."

Tangu goti lianze, kila mmoja alikuwa akilala kitanda chake. Wachira hakuuliza kwa nini chake kitangulie. Mambo ya nyumba hakuwa na mazoea ya kuyauliza.

Walikuwa wamekubaliana zamani, binti yao Kui akiwa bado shule ya msingi, kwamba hawatazeekea nyumba ya kupanga. Kila mwezi kila mmoja angeweka chochote, wanunue kiwanja Kamulu, nje ya mji, wajenge. Waruguru alishona sare za shule mpaka mgongo ukaanza kupinda, akaweka. Wachira naye aliweka, isipokuwa ile miezi ambayo marafiki walikaa sana kwenye meza ya nyama choma, na miezi hiyo haikuwa michache.

"Jazia tu, Mama Kui," alikuwa akisema. "Yangu iko njiani."

Mama Kui alijazia. Alijazia kiwanja, akaja akajazia msingi, na ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya madirisha, hakuna aliyekumbuka tena kuuliza ya Wachira imefika wapi.

Kila Jumamosi Waruguru alikwenda kusimamia mafundi, akarudi jioni na vumbi jekundu hadi magotini. Kabla hajavua viatu, sauti ingetoka kwenye kochi: "Mama Kui, maji." Jagi lilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wa mzee. Angemmiminia, kisha amsimulie habari za madirisha makubwa na baraza linalopata jua la asubuhi.

"Hapo barazani ndipo nitakapostaafia," Wachira angesema. "Nikae tu. Chai ikija, nakunywa. Uji ukija, nakunywa."

"Sawa, Baba Kui."

Wenzake wa Burma ndio waliomtia hofu. Walimuuliza kama ameiona hiyo nyumba kwa macho yake, naye akajibu ameiona kwa picha za simu. Wakacheka. Walimjua mtu aliyemtumia ndugu yake pesa za kujenga, na siku ya kuhamia akakuta mahindi ya jirani. Wachira alicheka nao, lakini maneno yale yalimkaa rohoni, na leo, alipoinuliwa na kuingizwa mbele ya lori kando ya dereva, bado alikuwa nayo.

Waruguru alimtilia ufunguo wa nyumba ya Mowlem kwenye mfuko wa koti. "Kaa nao," akasema. "Kodi imelipwa. Mambo ya mwenye nyumba tutayaona baadaye." Kisha akapanda nyuma pamoja na wabebaji.

Walipokuwa barabarani, Kui alipiga simu.

"Pole, Baba."

"Pole ya nini? Leo ni siku ya furaha!"

"Nikitoka kazini nitakupitia na chakula."

"Hadi Kamulu? Wewe unayekaa Umoja? Wacha, utachoka bure."

"Nitakupitia, Baba," Kui alisema, akakata.

Lori liliacha lami, likayumba kwenye barabara ya udongo, likasimama mbele ya geti jeusi. Wachira alifumba macho. Alipoyafumbua, nyumba ilikuwepo. Mabati ya kijani, madirisha makubwa, baraza lenyewe, hata maua. Machozi yalimtoka, naye akashindwa kuyafuta kwa ile mikono inayotetemeka. Laiti wale wa Burma wangekuwa hapa!

"Nishusheni," alisema.

"Ngoja kwanza vitu vishuke, mzee," dereva alimwambia.

Akangoja. Kupitia kioo aliona cherehani ikipita, kisha kitanda cha Waruguru, masufuria, kochi, meza. Wabebaji waliingia na kutoka. Baadaye hawakutoka tena na kitu. Walinawa mikono kwenye mfereji, wakapanda nyuma ya lori.

"Mama Kui!" aliita. "Waambie wanishushe!"

Waruguru alitoka ndani. Alivuta kiti hadi barazani, akaketi, akanyoosha miguu mbele yake. Wachira alijaribu kukumbuka lini alimwona mke wake ameketi mchana, akashindwa. Waruguru aliinua mkono, akampungia taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Nyuma, mlango wa lori ulifungwa kwa kishindo. Dereva alipanda, akawasha injini.

"Dereva, kitanda changu bado kiko nyuma!"

"Najua, mzee," dereva alisema bila kumtazama. "Mama alilipia kuja na kurudi."