Vidonge vya Mama Kindness

Antonia alivimwaga chooni vidonge vyote vilivyokuwa kwenye kopo la dada yake. Kisha akafungua fundo la kitenge, akalijaza kopo lile lile vidonge vingine vyeupe. Kwa macho, havikuwa na tofauti.

Dada yake, Wilhelmina, mama yake Kindness, alikuwa amekaa uani, vidole vimevimba, upele umetanda puani na mashavuni.

"Niletee dawa, mdogo wangu."

Akameza viwili, akakunja uso. "Siku hizi vina uchachu."

"Labda ni vya kiwanda kingine, dada."

"Haya. Ila kwa unavyonitunza, nikifa Ludovick hatahangaika kwenda mbali kutafuta mke."

Alicheka peke yake. Antonia alifunga kopo.

Wiki ya tatu miguu ya Wilhelmina ilijaa maji, mkojo ukawa na damu. Mumewe, Ludovick, karani katika ofisi za mkoa mpya, aliazima gari la kazini wakamkimbiza hospitali kutoka nyumbani kwao Nangara. Njia nzima Antonia alikuwa amempakata kichwa.

Daktari alitoka wodini na majibu ya vipimo mkononi.

"Mama Kindness anameza dawa nilizompa?"

"Kila siku," Ludovick alijibu. "Shemeji yangu huyu ndiye anayempa."

Daktari aliikunja karatasi ya majibu. "Sikilizeni. Katika damu kuna askari ambao kazi yao ni kuwaelekeza wenzao nani wa kupigwa. Hujifunza kazi hiyo kulingana na adui. Wa mgonjwa wetu wamejifunza vibaya, wanaelekeza mapigo kwenye figo zake mwenyewe. Vidonge vilikuwa vya kuwatuliza. Kama kweli amemeza, basi askari wameshavizoea, na itabidi nimchome dawa kali zaidi. Kwa figo hizi, inaweza kummaliza. Mna hakika alimeza?"

"Haki ya Mungu," alisema Ludovick.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, muuguzi alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Hakumeza," Antonia alisema.

"Nini?"

"Nilivimwaga. Nilikuwa nampa vitamini."

Daktari aligeuka mbio. "Sista, usichome! Subiri!"

Ludovick alimshika Antonia mabegani, akambana ukutani. Watu waliokuwa kwenye benchi walisimama.

"Dada yako wa tumbo moja! Ulitaka afe ndipo uhamie kwangu?"

Antonia hakujitetea kwa mikono. Alikuwa anamtazama muuguzi, mpaka alipoona sindano imewekwa chini.

"Karatasi ya dawa iliandikwa kwamba vinashusha kinga ya mwili," alisema. "Kaka Romani tulimzika kinga imeshuka. Kaka Paskasi vilevile. Nimebaki na dada tu, shemeji."