Zamu ya Mke

"Kijiko," alisema mwokaji mikate. "Cha baridi. Kimegusa kidole gumba."

Mkono wenyewe ulikuwa wa plastiki, umelala mezani upande wa pili wa pazia, nyaya zake zikipita chini ya kitambaa hadi kwenye kigutu cha mwokaji. Masikioni alivalishwa vipokea sauti vinavyovuma kama mvua juu ya bati, asije akaotea kwa kusikia hatua au vyombo. Haoni, hasikii, ila sauti ya fundi ikimjia mara mojamoja.

Kijiko kilikuwa sahihi. Pamba nayo aliipata, na brashi pia. Fundi, mwanamke aliyeuhangaikia mkono huo kwa miaka, alikiri kwamba leo atalala usingizi.

Mwokaji hakufurahi. Tangu mashine ya kukandia unga imle mkono, alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, moyo ukiwemo. Watu walimpa pole, akaitikia. Ajali haina kinga, walisema, akaitikia na hilo. Vijiko na pamba vilikuwa furaha ya fundi. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kushikana mikono na mkewe, aliyekuja naye leo na kubaki mlangoni, na kumhisi.

Nyumbani mambo yalikuwa yamepoa. Mkewe alimhudumia vizuri, hilo asimsingizie, ila siku hizi kikombe cha chai alikiweka mezani, hampi mkononi. Mwokaji hakumlaumu. Nani atampa joto gogo? Akihisi tena, alijiambia, watarudi kuwa mke na mume.

"Sasa ni mkeo," fundi alisema. "Tulia. Akikushika, niambie."

Akatulia. Akasubiri. Akazipeleka akili zake zote kwenye vidole visivyo vyake. Hakuna joto, hakuna uzito, hakuna hata mtekenyo. Kumbe mkono huu unajua vijiko tu, kwa ngozi ya mtu haujui kitu. Basi, akajisemea, ndiyo imetoka hiyo. Hata kulia hakuweza.

"Unahisi nini?" Sauti ya fundi ilikuwa imeshuka.

Alimfikiria mkewe kule nyuma ya pazia, amekibana kiganja cha plastiki, roho juu, anangoja neno. Mwanamke amevumilia yote, leo aambiwe kwamba hata akishika hahisiwi? Hapana. Kuna uongo ulio sadaka.

"Namhisi," alisema. "Mkono wake una joto. Amening'ang'ania kama siku ya harusi yetu. Mwambie asiniachie."

 Mvumo ukakatika masikioni, na baada ya muda pazia likavutwa polepole.

Mkono wa plastiki ulikuwa peke yake mezani, kiganja wazi. Mkewe alikuwa bado amesimama kule mlangoni, mikono yake yote miwili kaibana kwapani.